Mwenye mafua asipande mashua: neno kabla ya safari ya Ngamba



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi,

Kila likizo inapokaribia, wanafunzi wetu hapa Midia huanza kuniuliza, "Ustadh, mara hii tutakwenda wapi?" Ukiwarudishia swali, wengi watakujibu: Ngamba, kwenye kisiwa cha sokwe.

Siwalaumu. Ngamba ni kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Victoria, kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, na ukubwa wake ni ekari kama 100 tu. Karibu chote ni msitu. Kituo cha kuwalea sokwe kilianzishwa hapo Oktoba 1998, kikiwa na sokwe 19, na sasa wako wapatao 50. Wengi wao ni mayatima. Mama zao waliuawa na wawindaji, na watoto wakakamatwa ili wauzwe. Mgeni husimama kwenye jukwaa la mbao nje ya uzio, akawatazama wakitoka msituni kuja kula. Mtoto aliyesoma kwamba Allah ameumba kila kiumbe kwa hekima akisimama pale, somo linamwingia kwa macho.

Basi mimi ni katika wanaounga mkono safari hii. Ila nina neno moja kuhusu maandalizi yake, na naomba mnivumilie, kwani sehemu ya neno hilo inanihusu mimi mwenyewe.

Maandalizi tunayoyajua

Kutoka kwetu mpaka Entebbe ni zaidi ya kilomita 500, na basi nyingi husafiri usiku. Kwa hiyo wazazi hujiandaa vizuri. Chakula kinafungwa, maji yanachukuliwa, blanketi na kofia za jua pia. Walimu tunawakumbusha watoto hukumu za swala ya safari, kupunguza na kukusanya, na dua ya kupanda chombo. Tunawaeleza kwamba hata huko ziwani kibla chetu ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo.

Tunasisitiza pia kila mtoto avae jaketi la kujiokoa tangu anapoingia mashuani mpaka anaposhuka. Hilo si jambo la mzaha. Novemba 2018 mashua ya starehe ilizama katika ziwa hili upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 walifariki. Kumtegemea Allah hakumwondolei mtu wajibu wa kufunga kamba za jaketi.

Haya yote ni mazuri. Lakini yote ni ya kumlinda mgeni. Je, mwenyeji tumemwandalia nini?

Siku niliponyamaza

Miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa walimu waliosindikiza kundi la wanafunzi. Siku mbili kabla ya kuondoka, kijana mmoja alianza kukohoa na kutokwa kamasi. Mama yake alinijia akaniambia, "Ustadh, mtoto huyu amengoja safari hii mwaka mzima. Tumeuza mihogo na mbuzi mmoja. Usimwache." Nikamhurumia. Nikampa kijana nafasi yake ndani ya basi, na tulipofika ziwani nikamnong'oneza, "Jikaze, usikohoe mbele ya watu."

Kabla ya kupanda mashua tuliulizwa kama kuna mgonjwa yeyote kati yetu. Kijana akanitazama. Mimi nikanyamaza, naye akanyamaza.

Sikusikia kwamba sokwe yeyote alidhurika siku ile, alhamdulillah. Lakini yule kijana alijifunza kitu kutoka kwangu ambacho hakimo katika kitabu chochote tunachosomesha. Alijifunza kwamba amana inalindwa pale tu isipogharimu kitu.

Kwa nini mafua si jambo dogo

Sokwe wanafanana nasi sana kimwili, hata magonjwa yetu yanawapata. Kikohozi ambacho kwa mtoto wetu kitaisha kwa wiki moja, kwao kinaweza kuwa mauti. Ushahidi uko hapa hapa Uganda, katika msitu wa Kibale. Mwaka 2013, katika kundi la sokwe 56 la Kanyawara, 5 walikufa kwa kirusi kiitwacho rhinovirus C, jamaa ya virusi vinavyoleta mafua ya kawaida kwa watoto wetu. Kisha mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, kundi la Ngogo katika msitu huo huo lilipoteza sokwe 25 kwa kirusi kingine cha njia ya hewa, ambacho nacho kinajulikana kwa binadamu.

Sasa fikirini kuhusu kisiwa. Sokwe hawajui kuogelea, na ndiyo sababu maji yanawalinda na mwindaji. Lakini maji hayo hayo yanawafungia njia. Ugonjwa ukiingia Ngamba, hakuna pori jingine la kukimbilia. Wote 50 wako katika ekari zile zile, na wanakula pamoja.

Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha tufundisha jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka penye ngamia wazima. Tazameni, hapo waliokingwa ni wanyama. Na katika Suratul An'am, aya ya 38, tunafundishwa kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Ikiwa mwenye mifugo amekatazwa kuleta ugonjwa kwa mifugo ya jirani, mwalimu anayepeleka kikohozi kisiwani atajitetea vipi?

Wanaosema "ni wanyama tu"

Najua wapo watakaosema, "Ustadh, watoto wetu hapa Koboko wanaugua malaria, nawe unahangaika na mafua ya sokwe?" Swali hilo ni la haki, nami nalijibu hivi. Hakuna anayetuambia tumwache mtoto mgonjwa ili tumtibu sokwe. Tunachoombwa ni tusipeleke madhara sisi wenyewe, kwa miguu yetu, tena kwa kulipa nauli. Zaidi ya hayo, mtoto mwenye homa hafai kuwekwa ndani ya basi usiku kucha. Akibaki nyumbani anapona yeye, na wenzake hawaambukizwi.

Na tukumbuke kwamba sokwe wale wako kisiwani kwa sababu ya mikono ya binadamu. Walikwisha dhulumiwa mara moja. Anayekwenda kuwatazama asiwe dhuluma ya pili.

Tuondoe sababu ya uongo

Nimelifikiri sana kosa langu, na nimeona kwamba mama yule hakuwa mtu mbaya. Sisi tulimweka mahali pagumu. Alikwisha lipa, na tulikuwa tumetangaza kwamba pesa hazirudishwi. Yaani tulipanga mambo hivi kwamba mkweli anapata hasara na mwenye kuficha anafaidika. Baadaye tukashangaa watu wanaficha.

Kwa hiyo napendekeza haya, kabla ya safari ijayo haijatangazwa:

Kwanza, kila familia iongeze kiasi kidogo juu ya mchango wake, kiwe akiba ya wagonjwa. Mtoto akiugua, arudishiwe alichotoa, au nafasi yake iwekwe kwa safari inayofuata, kama wazazi watakavyochagua.

Pili, walimu tuwakague watoto wiki moja kabla, na tena asubuhi ya kuondoka. Tukianza na walimu wenyewe. Mwalimu mwenye kikohozi naye abaki.

Tatu, tuwe na mwenyeji Entebbe aliyekubali mapema kukaa na mtoto atakayeugua njiani, pamoja na mwalimu mmoja. Wala asipelekwe bustani ya wanyama ya hapo mjini kama kifuta jasho, kwani huko pia wako sokwe.

Nne, tuulize masharti ya kisiwa mapema, ya umri, ya afya na ya malipo, kisha tuyasome mbele ya wazazi. Tusiyasikie mara ya kwanza tukiwa tumekwisha fika ufukweni.

Na nyinyi wanafunzi, nawaambia haya. Atakayeinua mkono na kusema, "Ustadh, mimi nina mafua," kisha akabaki huku wenzake wanapanda basi, huyo hajakosa safari. Amefaulu mtihani ambao mwalimu wake aliufeli.

Kijana yule sasa ni mkubwa. Nilimtafuta nikamwomba radhi kwa kumfundisha kunyamaza. Alicheka, akaniambia alikwisha sahau. Mimi sijasahau.

Tunamwomba Allah atujaalie kuwa waaminifu kwa viumbe vyake vyote, wanaoweza kutushitaki na wasioweza.

Wabillahi tawfiq.