Kalenda ya simu na siku zinazopotea



Siku hizi jamaa nyingi huandika mambo yao katika kalenda ya simu: siku ya likirimba, siku ya kumpeleka mtoto kupimwa, saa ya kuzungumza na ndugu walio mbali. Mtu huandika jambo mara moja, huiambia kalenda, «Unikumbushe kila mwezi», kisha hutulia. Baadaye twasikia malalamiko: siku imerukwa, saa imesogea, jambo moja limeonekana mara mbili. Wengi hudhani simu imeharibika. Tulichunguze neno hili pamoja, maana mara nyingine linavunja amani ya watu.

Kwanza yafaa tujue kalenda inatunza nini. Haiandiki siku moja moja kama tufanyavyo katika daftari. Inatunza kanuni: jambo linaanza siku gani, linarudi mara ngapi, linakoma lini, na siku zipi zimeondolewa. Kalenda nyingi za intaneti hufuata mapatano yaitwayo iCalendar, yaliyotolewa mwaka 1998 na kutengenezwa upya mwaka 2009. Basi jambo likikosea kila mara, tusihangaike na siku ile moja, tuitafute kanuni.

Tutoe mfano. Mama mtunza feza za likirimba anaandika mkutano tarehe 31 ya mwezi wa kwanza, nao urudi kila mwezi, kisha wenzake wote wanaupokea katika simu zao. Mwezi wa pili, zamu ni ya mama mjane anayengoja feza za masomo ya watoto wake. Simu zinanyamaza. Hakuna anayekuja, hakuna anayetoa. Mjane anarudi nyumbani mikono mitupu, na jioni ile watu wanaanza kunong'ona kwamba mtunza feza amezila.

Nani amekosa? Mwaka una miezi 7 tu yenye tarehe 31. Kwa mapatano yale, tarehe isiyokuwapo katika mwezi hurukwa tu, bila kumwonya mtu. Kalenda ilitii neno iliyopewa. Dawa yake ni kuandika kanuni ifaayo: «siku ya mwisho ya mwezi», au «siku ya posho ya mwisho ya mwezi». Kalenda isipotoa nafasi ya kusema hivyo, tuchague tarehe 28, maana haikosekani katika mwezi wo wote.

Kosa la pili ni la saa. Mtoto aliye Brussels anaandika kwamba atazungumza na wazazi wake wa Bukavu kila siku ya Mungu, saa 20.00. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, simu ya wazazi inaonyesha saa 20.00 vilevile. Baada ya siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa kumi, inaonyesha saa 21.00. Hapo si kosa la kalenda. Watu wa Ubelgiji hurudisha saa zao nyuma siku ile, na huzipeleka mbele tena siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa tatu. Sisi wa Bukavu hatubadili saa kamwe. Kanuni hushika saa ya mahali ilipoandikiwa. Basi wapatane tangu mwanzo ni saa ya wapi itakayoongoza, tena waiandike katika kalenda. Hata nchini mwetu tukumbuke kwamba Kinshasa iko nyuma ya Bukavu kwa saa moja. Na anayehesabu kwa Kiswahili asisahau kwamba saa mbili ya usiku, katika simu, ni 20.00.

Kosa la tatu huingia wakati wa kusahihisha. Ukibadili jambo linalorudi, kalenda hukuuliza: hili tu, hili na yanayofuata, au yote? Ukichagua «hili tu», juma lijalo kosa litarudi. Ukichagua «yote», hata mikutano iliyopita yaweza kubadilika, na kumbukumbu yenu itapotea. Mara nyingi jibu jema ni «hili na yanayofuata»: kanuni ya zamani inakoma, na mpya inaanza. Na jambo likionekana mara mbili, tazameni kama kalenda ileile imeingizwa mara mbili katika simu. Ondoeni nakala moja nzima, msifute siku moja moja. Lakini angalieni kwanza ni ipi mnayoshirikiana na wengine, msije mkawafutia.

Kwa ufupi, fungueni kanuni na kuuliza maneno manne: Imeanza tarehe gani? Inafuata saa ya wapi? Imepewa mwisho? Kuna siku iliyoondolewa? Kisha tazameni miezi mitatu ya mbele, mhakikishe siku zote zipo. Kazi hiyo ni ya dakika chache.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Simu ni daftari pia, lakini daftari hutaka msomaji. Yule mtunza feza hakula kitu; aliandika 31 tu. Kabla ya kumshitaki mwenzetu, tuifungue kwanza kalenda.