MGENI HAPEWI JEMBE SIKU YA KWANZA

Ndugu wafanyakazi wa Malaba na Busia,

Leo twasema juu ya kibodi ya kompyuta. Msicheke. Mtu akivunjika mguu wote twamwona. Karani akiharibika mkono huitwa mvivu.

Katika ofisi moja hapa mpakani makarani walilalamika muda mrefu kwamba vidole vyafa ganzi usiku. Mwishowe tajiri alileta kibodi za namna mpya, zilizogawanyika katikati. Twashukuru. Lakini siku ile ile alitaka hesabu ya hati iwe kama ya jana, na waliochelewa wakaandikiwa barua za onyo. Hapo ndipo tunapokataa.

Kibodi ya zamani hulazimisha mikono kupinda upande wa kidole cha mwisho. Ndani ya kifundo cha mkono kano 9 na neva moja hupita pamoja katika njia nyembamba. Mkono ukipinda kutwa, neva hubanwa. Kibodi mpya huacha mkono unyooke. Lakini vidole vilivyozoea njia moja miaka 10 haviwezi kujua nyingine kwa asubuhi moja. Karani akikimbizwa hukaza mabega na kugonga kwa nguvu, na maumivu huhamia shingoni. Hivyo dawa yageuzwa ugonjwa.

Sisi wa relini twalijua jambo hili. Mataruma yakibadilishwa, treni hupita pole pole mpaka kokoto zishikamane. Hakuna mkubwa anayeuita mwendo huo uvivu. Dereva naye hapewi treni peke yake katika njia asiyojifunza. Je, mawe yapewe muda, na mkono wa binadamu unyimwe?

Wala maumivu haya si uzushi wa leo. Mwaka 1908 Uingereza iliutia ugonjwa wa kukakamaa mkono wa wapiga telegrafu katika orodha ya magonjwa ya kazi yenye fidia.

Basi twadai haya:

Kwanza, karani aanze na kibodi mpya nusu saa kwa siku, ile ya zamani ikiwa karibu, aongeze kidogo kidogo. Majuma ya kuzoea asihesabiwe hati.

Pili, meza na kiti vitengenezwe: viwiko vikae karibu na mbavu, mikono iwe sawa na kibodi, miguu ikanyage sakafu. Vijiguu vya nyuma ya kibodi vikunjwe, maana hupindisha kifundo juu. Kipanya kisiwe mbali.

Tatu, kila kontena lina herufi 4 na tarakimu 7, na karani huandika namba kutwa. Kibodi isiyo na namba za pembeni iongezewe kibao cha namba.

Nne, pawe na mapumziko mafupi mara kwa mara. Anayepata ganzi au maumivu aache kazi hiyo, aende kwa daktari, wala asikatwe mshahara.

Wakisema twaomba sadaka, waonyesheni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Yamwagiza mwajiri kulinganisha mahali pa kazi, vyombo na kazi yenyewe na uwezo wa mfanyakazi, na kumpa mafunzo. Penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Waulizeni: kamati yetu iko wapi?

Nanyi makarani, msifiche maumivu kwa kuogopa barua. Mwambieni mjumbe wa chama siku ile ile. Mmoja akienda ofisini peke yake hufukuzwa mlangoni. Tukienda wote, atafutiwa kiti.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kibodi hii haikupewa hata siku moja.

Umoja ni nguvu!