Maharagi ya mama muuguzi



Juma la tatu hili meza yetu ya nyumbani haina nafasi ya sahani. Upande mmoja kuna daftari za wanafunzi wetu, upande wa pili kuna silabusi ya fiziopatolojia, kurasa zaidi ya 200 za fotokopi, nyingine wino umefifia hata hausomeki. Mwenye silabusi ni mama mmoja wa chama chetu. Wengi mnamjua, ndiye anayetupima tensio siku za mkutano. Ni muuguzi A1, ana watoto 4, na amefanya kazi pediatria miaka 11. Mwaka jana alirudi chuoni kutafuta A0. Katika sesio ya kwanza masomo yote alipita isipokuwa hilo moja: fiziopatolojia, pointi 7 juu ya 20. Sesio ya pili ni mwezi wa tisa.

Kabla ya kuendelea tuseme ukweli. Alipoomba zamu yake ya likelemba isogezwe mbele ili apate pesa ya kujiandikisha, sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa kati ya walioinua mkono kukataa. Tulisema: mama mwenye watoto 4, kazi anayo, A1 anayo, anatafuta nini tena kwenye benchi pamoja na vijana? Wengine walisema maneno mabaya zaidi, hatutayarudia hapa. Zamu ilisogezwa kwa tofauti ya mikono miwili tu, na yetu haikuwamo.

Basi alipokuja na ile 7 juu ya 20, akakaa kwenye kiti cha plastiki bila kuvua kitambaa cha kichwani, tuliona haya. Tukamwambia: sisi hatujui udaktari, lakini kufundisha tunajua. Soma mbele yetu tusikie.

Akasoma. Alifunga macho, akatoa kurasa tatu za Kifaransa bila kukosa hata neno moja. Tukamuuliza: maana yake nini? Akaanza upya kurasa zile zile. Hapo tukajua ugonjwa uko wapi. Katika miaka yetu ya ISP tulifundishwa kuutambua, na kila siku tunauona darasani: mtoto anaimba jedwali la 7 mpaka mwisho, lakini ukimwuliza mama akinunua bahasha 7 za mikate, kila moja ina mikate 6, anakutazama tu. Mama muuguzi alishika somo lote kwa kichwa. Asistanti alipobadilisha swali kidogo kwenye mtihani, kichwa kilibaki na maneno yasiyo na mlango wa kutokea.

Tukampa sharti moja. Kila jioni atakuja wakati tunachambua sombe, atatueleza sehemu moja ya somo kwa Kiswahili, bila kufungua silabusi. Tusipoelewa sisi, basi hajui yeye.

Somo lenyewe ni nini? Alitueleza hivi siku ya kwanza. Kuna somo la kujua mwili una nini ndani: moyo, figo, mifupa. Kuna la kujua vitu hivyo vinafanyaje kazi mtu akiwa mzima. Fiziopatolojia inakuja baada ya hayo, nayo inauliza: kazi hiyo inaharibikaje, hatua kwa hatua, mpaka mtu anasema ninaumwa? Alitoa mfano wa miguu kuvimba. Sisi tunaona miguu imevimba, basi. Kumbe moyo ukichoka kusukuma, damu inarudi nyuma na maji yanajaa miguuni. Figo zikipitisha protini kwenye mkojo, damu inakosa kitu cha kuyashika maji ndani ya mishipa, nayo yanatoka. Na mama mwenye mimba, miguu ikivimba pamoja na tensio iliyopanda na kichwa kinachouma, ni njia nyingine tena, na hiyo ni ya kukimbia hospitalini siku hiyo hiyo. Dalili ni moja, njia ni nyingi. Muuguzi anayejua dalili tu atawapa wote watatu dawa moja.

Siku hiyo tulianza kuelewa kwa nini alirudi kwenye benchi.

Jioni tunayotaka kusimulia ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi yetu ya Lubumbashi ambayo asubuhi unatoa moshi mdomoni. Zamu ilikuwa ya drepanositozi, ugonjwa ambao sisi wote tunauita SS. Pale kwenye sombe alikuwepo mama mwingine wa chama. Watoto wake ni 3, wawili ni SS. Hakuwa amekuja kusoma, alikuja kuomba makala ya kuwasha baburani. Aliposikia somo, akakaa.

Mama muuguzi alichukua kibonge cha bukari kilichobaki, akakiviringisha, akakibonyeza na dole gumba kama mtu anayetaka kuchota mchuzi. Akasema, chembe nyekundu ya damu iko hivi: duara, katikati imebonyea, na ni laini. Inajikunja, inapita kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe, halafu inarudia umbo lake. Ndani imejaa hemoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni.

Hemoglobini imetengenezwa kwa minyororo. Mmoja wao una vipande 146. Kwa mtoto SS, kipande cha 6 kimebadilishwa: mahali pa asidi glutamiki pamewekwa valini. Vingine vyote 145 viko sawa. Tulimkatiza: kitu kimoja kati ya 146 ndicho kinachomliza mtoto usiku mzima? Akatugeuzia ualimu wetu. Akasema, mwalimu, andika "kula". Sasa badilisha herufi moja, weka f mahali pa l. Hatukuwa na jibu.

Hemoglobini ile iliyobadilika, ikiisha kutoa oksijeni yake, inashikana moja kwa nyingine na kufanya kama vijiti virefu. Vijiti vinaisukuma chembe kutoka ndani, inapinda kama mundu na kuwa ngumu. Chembe ngumu hazijikunji, zinakwama. Mshipa ukizibika, nyama na mifupa ya mbele yake inakosa oksijeni: ndiyo maumivu. Kwa mtoto mdogo, mara nyingi vidole na miguu ndiyo huanza kuvimba. Tena chembe hizo hazidumu. Ya kawaida inaishi karibu siku 120, hii siku 10 hadi 20 tu. Mwili unatengeneza, nazo zinavunjika, ndiyo maana damu inapungua na macho yanakuwa ya njano. Bandama nayo inaumia mapema, na kwa kuwa ni mlinzi wa mwili, mtoto SS mwenye homa hangojwi mpaka kesho.

Yule mama akauliza: na baridi? Maana wangu wanaanguka kila mwezi wa sita na wa saba. Mama muuguzi akaeleza: baridi inabana mishipa, chembe zinapita polepole, zinakaa muda mrefu bila oksijeni, zinapinda. Kukosa maji kunafanya vile vile, kwa sababu damu inakuwa nzito. Kwa hiyo blanketi, soksi na kikombe cha maji kila mara, hata shuleni. (Walimu wenzetu, hapa tunajisema sisi wenyewe: tumewakatalia watoto wangapi kutoka darasani kwenda kunywa?)

Kisha likaja swali lenyewe. Aliuliza akiangalia chini: "Basi inatoka upande gani?"

Tulijua kwa nini anauliza. Kwao mume wake wanasema ni yeye aliyeleta damu mbaya. Kwenye ukoo wao hakuna mgonjwa hivyo, wanasema, na mume amekuwa akiambiwa amrudishe kwa wazazi wake kabla hajazaa wa nne.

Mama muuguzi aliomba maharagi. Meupe ni A, mekundu ni S. Kila mtu ana maagizo mawili ya kutengeneza hemoglobini, moja la baba, moja la mama. Akaweka kwenye sahani moja haragi jeupe na jekundu: huyu ni baba AS. Kwenye sahani ya pili, jeupe na jekundu: huyu ni mama AS. Wote wawili wazima, wanalima, wanacheza mpira, hawajui kitu. Mtoto anachukua haragi moja kila sahani. Yanaweza kutoka meupe mawili, naye ni AA. Yanaweza kutoka jeupe na jekundu, na hilo linawezekana kwa njia mbili, naye ni AS kama wazazi. Na yanaweza kutoka mekundu mawili. Nafasi moja kati ya nne.

Tulifunga macho tukachota mara 20, kila mara tukirudisha. Mekundu mawili yalitoka mara 6, tena mara mbili mfululizo mwanzoni. Mwanafunzi wa hesabu angelalamika, lakini ndivyo ilivyo nyumbani: kila mimba ni kuchota upya. Aliyepata mmoja SS hajapewa ahadi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima.

Yule mama hakulia. Alichukua haragi jekundu la sahani ya baba, akaliangalia. Akasema: "Hili hakulitoa mimi."

Tulimwuliza mama muuguzi kwa nini kitu kibaya hivi kimejaa kwetu. Alifurahi, maana lilikuwa ndilo swali lililomwangusha katika sesio ya kwanza. Ugonjwa huu uliandikwa mwaka 1910 na James Herrick, daktari wa Chicago, aliyeona chembe kama mundu katika damu ya kijana mmoja aliyetoka Grenada. Lakini kwa nini ni wa watu wengi hasa sehemu za malaria, hilo lilielezwa mwaka 1954 na Anthony Allison, aliyekulia Kenya: mtoto AS anakingwa kwa sehemu na malaria kali. Kwa karne nyingi watoto wa AS waliponea malaria kuliko wenzao, wakakua, wakazaa, wakapitisha haragi jekundu. Kumbe lile tunaloliita damu mbaya ndilo lililowaokoa mababu wengi.

Jumapili iliyofuata tulikwenda watatu kwa mama mkwe wa yule mama. Tulikwenda na maharagi kwenye kikombe. Hatutaki kusema ilikuwa rahisi. Nkambo alitupokea vizuri, akatupa viti, lakini aliposikia jambo tulilokuja nalo akasema: "Mwanangu hajalala hospitalini hata siku moja. Ugonjwa utoke kwake namna gani?"

Mama muuguzi akapiga magoti kwenye mkeka, akapanga sahani mbili, akaeleza polepole, bila neno moja la Kifaransa. Tulimtazama tukasahau tulikwenda kwa nini. Tukasema moyoni, huyu hatapata 7 tena. Nkambo alichota mwenyewe. Mara ya tatu yakatoka mekundu mawili. Akayashika kiganjani muda mrefu. Kisha akasema kwamba yeye pia alizika wawili, wadogo, mikono na miguu imevimba, wakati wa baridi. Na mama mkwe wake wakati ule alisema ni yeye.

Mama muuguzi hakumwambia walikuwa SS. Alisema: "Nkambo, hao hatuwezi kuwapima tena. Lakini mwanao tunaweza." Nkambo aliomba maji ya kunywa, hakusema ndiyo wala hapana. Siku ya Jumatano mume alikwenda kutolewa damu. Jibu bado.

Mtihani wa mama muuguzi ni tarehe 9 ya mwezi wa tisa. Watoto wake wawili wadogo watakula na kulala kwetu juma lile lote. Anayeweza kuchukua wale wakubwa atuambie, na anayeweza kuchangia mafuta ya taa au mishumaa, maana umeme wa kartie mnaujua wenyewe.

Amekubali pia kuja kwenye mkutano wa Alhamisi ijayo, saa 8 mchana, kwa ajili ya wale wenye vijana wanaotaka kuoa au kuolewa. Ataeleza tofauti ya vipimo viwili, kwa kuwa wengi wanadanganyika: kipimo cha Emmel kinaonyesha kwamba S ipo, lakini hakitofautishi AS na SS. Elektroforezi ndiyo inayotofautisha. Ataeleza pia juu ya hidroksiurea, dawa inayopunguza maumivu kwa watoto wengi lakini inayotaka daktari na vipimo vya damu mara kwa mara, si ya kununua sokoni kwa rangi ya boksi. Kila mama aje na kiti au mkeka wake. Maharagi yapo.