Mchanga wa Kunduchi Hauna Daftari

Kila inapozungumzwa habari ya uchumi wa Mkoa wa Dar es Salaam, mambo yanayotajwa kwanza ni bandari, viwanda na maduka ya Kariakoo. Ni nadra mchanga kutajwa. Hata hivyo hakuna ghala, shule, zahanati wala daraja lililojengwa katika mkoa huo pasipo mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga huo, pamoja na kokoto, chokaa na saruji, imetoka upande wa kaskazini wa jiji, katika vilima na mabonde yanayoizunguka Kunduchi. Jiji limejengwa kwa mwili wa Kunduchi. Yafaa kuulizwa Kunduchi yenyewe imebakiwa na nini.

Mtu afikaye Kunduchi leo hukuta uchumi wa aina nyingi ndani ya eneo dogo. Mtongani kuna machimbo ya mawe ya matumbawe, ambako kwa miaka mingi wanawake wameketi juani wakigonga kokoto kwa nyundo na kuziuza kwa ndoo. Pwani kuna ngalawa na mashua, mnada wa samaki, na akina mama wanaokaanga samaki na kuwapeleka mitaani. Pembeni ya mikoko kuna mashamba ya chumvi. Ufuoni zimejipanga hoteli za kitalii. Juu kidogo, Wazo, kuna kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Na katika mabonde ya Mto Tegeta na Mto Mbezi kuna vijana wenye mabeleshi na malori yanayosubiri kujazwa mchanga.

Wengi huzitazama kazi hizi kana kwamba kila moja inajitegemea. Huo ndio upotofu wa kwanza. Mchanga uchotwao mtoni ni ule ule ambao ungefika baharini. Mvua huung'oa katika nyanda za juu magharibi ya jiji, mto huuteremsha hadi mdomoni mwake, na mawimbi huupokea na kuutawanya ufuoni. Majira ya kusi mawimbi huusukuma kuelekea kaskazini. Kaskazi ikivuma, sehemu yake hurudishwa. Ufuo basi si kitu kilichosimama. Ni kama duka: mzigo huingia na mzigo hutoka, na duka hubaki wazi maadamu kiingiacho hakipungui kitokacho. Malori yakiuchukua mzigo kabla haujafika dukani, bahari haiachi kuchukua sehemu yake. Huichukua ardhini.

Mfano haupo mbali. Mbezi, kusini kidogo ya Kunduchi, palikuwa na Hoteli ya Africana, mojawapo ya hoteli mashuhuri za ufuo huo. Bahari iliusogelea ufuo wake hadi hoteli ikaachwa. Leo jina la Afrikana linaitwa na makondakta wa daladala katika Barabara ya Bagamoyo, na abiria wengi hawajui kwamba wanaitaja hoteli iliyoshindwa na mawimbi. Wenye hoteli nyingine walijenga kuta na vikuta vya mawe vilivyochomoza baharini ili kunasa mchanga. Ukuta huo humfaa aliyeujenga kwa muda, lakini mchanga ulionaswa kwake ni mchanga usiofika kwa jirani. Kwa hiyo jirani naye hujenga wake. Gharama hizi haziingii katika bei ya mchanga, ingawa zimesababishwa na mchanga.

Haki itendeke: si sahihi kuwatwisha wachimba mchanga lawama yote. Uvuvi wa baruti, uliopigwa marufuku tangu Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 na hata hivyo ukaendelea kwa miongo kadhaa baadaye, ulivunja matumbawe ambayo ndiyo yanayopunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Mikoko ilikatwa kwa ajili ya nguzo, kuni na nafasi ya kutengenezea chumvi. Majengo yalisogezwa hadi ukingoni mwa maji. Usawa wa bahari duniani nao unapanda. Ila katika sababu zote hizo, mchanga ndio ambao Manispaa ya Kinondoni inaweza kuushughulikia kwa uwezo wake mwenyewe, pasipo kungoja mkutano wa mataifa.

Yule anayenunua mchanga huo hana budi kutazamwa pia, maana mara nyingi si mfanyabiashara mkubwa. Ni mwalimu aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo, akanunua kiwanja Bunju au Madale, na anajenga vyumba vitatu kidogo kidogo kadiri mshahara unavyoruhusu. Ni karani wa wizara anayetaka kumaliza msingi kabla ya masika. Mwaka 1967 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa. Watu hao hawawezi kulala nje. Mtu anayesema mchanga usichimbwe kabisa anapaswa aseme pia nyumba zijengwe kwa nini.

Ndiyo sababu makatazo matupu hayakufua dafu. Mara kadhaa uchimbaji wa mchanga katika mito ya jiji umekatazwa, malori yakakamatwa, faini zikatozwa. Baada ya muda kazi ilirudi, pengine usiku, pengine kwa jina la kusafisha mto. Kosa la msingi ni kwamba katazo halikuondoa haja. Lilipandisha bei tu, na bei iliyopanda ikamvuta mchimbaji kurudi. Aliyezidi kuumia ni kijana mwenye beleshi, ambaye hulipwa ujira wa siku, huingia katika shimo lenye kingo zinazoweza kumwangukia, na ndiye anayekamatwa kwanza. Mwenye lori hupatikana kwa nadra zaidi. Nyumba za kando ya mto nazo hupoteza ua, kisha jiko, kisha chumba, maana mto uliochimbwa kitako hutanuka kwa kula kingo zake.

Wazee wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika habari ya mchanga methali hii inafaa kuchukuliwa neno kwa neno. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, mchanga ni madini ya ujenzi, na mchimbaji halali hupaswa kuwa na leseni na kulipa mrabaha. Mto wenyewe upo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mazingira ya kingo zake yanahusu Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuo wa bahari. Ushuru ni wa halmashauri. Samaki ni wa idara ya uvuvi. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini, vilivyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, vina mamlaka yake. Hoteli ni za utalii. Mchanga hupita katika milango yote hiyo, na kila mlango una karani wake, lakini karani wa mlango mmoja hana haja ya kujua kilichoandikwa katika mlango mwingine. Inawezekana kila ofisi ikatimiza wajibu wake kwa uaminifu na ufuo ukaliwa vilevile.

Kunduchi inahitaji kwanza hesabu moja ya mchanga: kiasi gani kinachotolewa kila mwaka katika Mto Tegeta na Mto Mbezi, kiasi gani mito hiyo hukileta, na ufuo umerudi nyuma mita ngapi. Hapana shaka ni hesabu ngumu, lakini si ngumu kuliko hesabu za maji au za umeme, ambazo hufanywa kila mwezi. Hesabu hiyo ikiwapo, kibali kinaweza kutolewa kwa kipimo: mchanga uliorundikana baada ya mafuriko, unaozuia maji chini ya daraja, utolewe, ule wa mdomo wa mto uachwe. Hivi sasa neno "kusafisha mto" linaweza kumaanisha jambo jema au uharibifu, na hakuna kipimo cha kutofautisha mambo hayo mawili.

Wapo wengine katika Afrika Mashariki waliokwisha kulitambua jambo hili. Kaunti ya Makueni, nchini Kenya, ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka yake, baada ya miaka ya ugomvi mkali kati ya wenyeji na wachukuzi. Watu wa Makueni waliona kwamba mchanga wa mito yao mikavu ndio unaowahifadhia maji ya kunywa, na kwamba kila lori lililoelekea Nairobi liliondoka na kisima. Unguja nako, eneo la mchanga lilipozidi kupungua, Serikali ilishika usimamizi wa uchimbaji na uuzaji wake. Hatua hizo zina kasoro zake, na bei ya mchanga Zanzibar imekuwa malalamiko ya kila mjenzi. Hata hivyo mchanga umekubaliwa kuwa mali yenye mwisho. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2022 kwamba dunia hutumia takriban tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Baada ya maji, hakuna mali ya asili inayotumiwa kwa wingi zaidi.

Kupungua kwa mchanga wa mtoni si lazima kuwe msiba kwa Kunduchi. Mwamba uliosagwa hutoa mchanga unaofaa kwa matofali na zege, na machimbo makubwa ya kokoto ya Lugoba, mkoani Pwani, tayari yanalihudumia jiji. Mchanga wa namna hiyo utakuwa ghali zaidi kwa sababu ya usafiri. Lakini faida ipo kwa anayeugeuza kuwa kitu, si kwa anayeusafirisha tu. Kunduchi ina saruji mlangoni pake, ina barabara ya Mwenge hadi Tegeta iliyopanuliwa mwaka 2014, na ina vijana wanaojua kazi ya ujenzi. Vikundi vya kufyatua matofali, vigae na mabomba ya mifereji vingeweza kuwaajiri wale wale wanaoshinda mtoni na wale wanaogonga kokoto Mtongani. Fedha ya kuanzia imetajwa katika sheria: tangu mwaka 2018 halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mara nyingi imegawanywa vipande vidogo vidogo visivyotosha hata mashine moja nzuri ya kufyatulia. Afadhali vikundi vichache vyenye mashine kuliko vikundi vingi vyenye picha ya kupokea hundi.

Habari ya samaki ni fupi zaidi, lakini haitengani na hii. Mvuvi asiye na barafu huuza kwa bei ya mchana huo huo, na mwenye injini na nyavu hukata chake kwanza. Pakiwa na ghala la barafu linalomilikiwa na ushirika wa wavuvi wenyewe, bei ya mnada itabadilika pasipo samaki mmoja zaidi kuvuliwa. Ila ghala hilo litajengwa wapi, kama ufuo unaopokea ngalawa hauna uhakika wa kuwapo?

Yapo magofu Kunduchi, ya msikiti na makaburi yenye nguzo, ambayo baadhi yake ni ya karne ya 18 na yalipambwa kwa sahani za Kichina. Waliojenga walitumia mawe ya matumbawe, chokaa na mchanga wa hapo hapo. Walichukua kidogo kwa kuwa walikuwa wachache, na pengine si kwa busara zaidi ya watu wa leo. Watu wakiwa milioni tano, uchache hautawalinda tena, na kazi hiyo inabaki kwa vipimo na vibali.

Hesabu hiyo yaweza kuanza pasipo kungoja mtaalamu kutoka nje. Shule za Kunduchi, Mtongani na Tegeta zina walimu wa jiografia wanaofundisha mmomonyoko wa pwani kwa michoro ubaoni, wakati pwani yenyewe ipo mwendo mfupi kutoka darasani. Kigingi cha chuma kilichopigwa mahali pasipobadilika, kamba ya mita 50 na daftari moja vinatosha kupima umbali hadi alama ya maji makuu, kila mwezi, tarehe ya bamvua. Afisa mazingira wa manispaa anaweza kuvikusanya vipimo hivyo na kuviweka kando ya orodha ya vibali vya mchanga vilivyotolewa mwezi huo. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, katikati ya kusi. Vigingi vikipigwa kabla ya hapo, madiwani watakapoketi kujadili makadirio ya mwaka unaofuata watakuwa na vipimo vya kusi na vya kaskazi mezani, pamoja na idadi ya malori.