MOSHI WA TAKA, NA SHERIA ISIYO NA GARI

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti la chama chetu niseme machache juu ya jambo ambalo wanachama wengi hulinong'ona barazani, wala hawalisemi mkutanoni. Jambo lenyewe ni sheria ndogo za miji yetu zikatazazo kuchoma taka uani na kando ya njia. Wako wasemao kwamba sheria hizi ni maonevu matupu, kwani wazee wetu walichoma taka tangu zamani wasidhurike. Wako tena, na hao wengi wao ni wakubwa wetu kazini, wasemao kwamba sheria ni njema na dawa yake ni faini tu: mchomaji atozwe, na moshi utakoma. Nami nasema makundi haya mawili yote yamepotoka. Na kwa kuwa sisi makarani ndio tuzichapao sheria hizo, ndio tuandikao stakabadhi za faini, na ndio tuwekao daftari za ada ya taka, haitufai kunyamaza kana kwamba mambo haya ni ya watu wengine.

Nianze na hao wa kwanza. Ni kweli kwamba wazee walichoma taka. Walakini tuulize, walichoma nini? Walichoma majani ya mwembe, mabua, makuti yaliyooza na maganda makavu ya muhogo. Leo fungua pipa la nyumba yoyote mjini utazame: chupa za plastiki, vifuko vya nailoni, nepi za kutupa, vipande vya waya, viatu vya raba, betri, na makopo ya dawa ya mbu. Kiberiti ni kile kile, lakini kinachowashwa si kile tena. Amwambiaye mwenzake kwamba anafuata desturi ya babu yake huku akichoma nepi na mabomba ya plastiki, huyo amsingizia babu yake.

Yafaa tuyajue mambo haya kwa hakika, si kwa kutishana. Plastiki iitwayo PVC, ambayo hutengenezewa mabomba ya maji na ngozi ya nyaya za umeme, ndani yake mna klorini. Ikichomwa hutoa mvuke wa asidi uwashao macho na koo, na katika moto hafifu huzaliwa sumu ziitwazo dioksini. Iliyo kali kupita zote katika jamii hiyo ilitiwa mwaka 1997 katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka, na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani. Sumu hii haiishi pamoja na moshi. Huanguka juu ya majani na udongo, kuku akadonoa, ng'ombe akala, ikakaa katika mafuta ya mwili, kisha ikaturudia mezani katika yai na maziwa. Katika nchi za Ulaya tanuri la kuchomea taka hutakiwa lifikishe joto la digrii 850 kwa muda usiopungua sekunde mbili, na bomba lake liwe na vichujio vya kunasa sumu. Moto wa uani hauna joto hilo wala kichujio hicho. Kichujio chake ni pafu la mtoto alalaye karibu na dirisha.

Hata majani peke yake si salama kama tudhanivyo. Majani mabichi hayawaki bali hufuka, na katika kufuka hutoa hewa ya kaboni monoksidi pamoja na chembe ndogo mno zipenyazo hata ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kipimo chake cha chembe hizo, wastani wa mwaka mzima, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa kuwa iligunduliwa kwamba hata kiasi kidogo hudhuru. Ati moshi hufukuza mbu! Huenda ukawasumbua kwa kitambo, lakini moto hauli kopo wala bati. Asubuhi makopo yangalipo, mvua ikinyesha yanajaa maji, na humo ndimo azaliwamo mbu aletaye homa ya dengi. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Awashaye moto wa taka hachagui pua ya kuupeleka moshi wake, na pua ya kwanza ni ya nyumbani mwake.

Na hapa, mabwana na mabibi, sina budi kuwagusa wanachama wenzangu. Si wakazi wa vyumba vya kupanga peke yao wachomao. Kila asubuhi, katika mitaa yenye nyumba za watumishi wa serikali na bustani zenye miti mikubwa, utaona fungu la majani likifuka kando ya ukuta, na mfanyakazi amesimama na reki yake. Mwenye nyumba yuko ofisini, pengine akiiandika barua ya kumwonya mkazi wa uswahilini juu ya kosa lilo hilo. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Basi sasa niwageukie hao wa pili, wasemao kwamba faini yatosha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa kila mtu akaaye Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo hiyo imeziweka taka ngumu chini ya wajibu wa serikali za mitaa. Yaani wajibu ni wa pande mbili: mkazi asichafue, na halmashauri izoe. Sheria ndogo zetu nazo huchukua upande mmoja zikaukaza, na ule wa pili zikauacha ulegee. Faini huandikwa kwa tarakimu. Siku ya kuja gari haiandikwi mahali popote.

Tufikiri kama watu wazima. Mama auzaye maandazi, apangaye chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, anazo njia ngapi za kuondoa taka zake? Ya kwanza ni gari au guta la mzoa taka. Ya pili ni kuchimba shimo, naye uwanja hana. Ya tatu ni kutupa mtaroni usiku, na mvua ya masika ikija mtaro umeziba na maji yameingia vyumbani. Ya nne ni moto. Sheria imeikataza ya tatu na ya nne, na umaskini umeinyima ya pili. Ikiwa gari halikuja wiki ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu, je, tumemwachia nini mama huyu, isipokuwa kukaa na uozo mlangoni? Sheria ifungayo milango yote haimfundishi mtu adabu. Yamfundisha kuvizia giza. Tena ada ya taka amekwisha kuilipa, na stakabadhi anayo. Dukani mtu akitwaa fedha asitoe bidhaa, jina lake twalijua sote. Kwa nini akiwa ofisini tumwite kwa jina jingine?

Wakubwa hujibu kwamba tangu miaka ya 1990 kazi ya kuzoa taka ilianza kutiwa mikononi mwa wakandarasi, basi alaumiwe mkandarasi. Jibu hilo halitoshi. Mkandarasi hupenda kwenda penye barabara pana na walipaji wazuri, na huko uswahilini lori halipiti. Lakini aliyempa kazi ni nani, kama si halmashauri? Mwenye nyumba hawezi kuwaambia wageni wake kwamba njaa yao si shauri lake, kwa kuwa amemwajiri mpishi.

Tena tukumbuke habari ya Tabata, mjini Dar es Salaam, maana imesahauliwa upesi. Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga taka Tabata, katikati ya makazi ya watu, na taka zile zilichomwa, watu wakavuta moshi na uvundo na kusumbuliwa na nzi. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu kwa Kesi ya Madai Namba 29 ya mwaka 1988, wakashinda. Halmashauri ikaomba muda, ikapewa. Ikaomba tena, ikapewa tena. Mwaka 1991 ilipokuja kuomba kwa mara nyingine, Jaji Lugakingira alikataa. Alionyesha kwamba kuchafua mazingira ni kuhatarisha uhai wa watu, na kwamba haki ya kuishi imelindwa na ibara ya 14 ya Katiba. Akastaajabu jinsi mamlaka ya umma inavyoweza kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua. Jaa likahama, likaenda Vingunguti, kisha Mtoni, hata likafika Pugu Kinyamwezi. Funzo la kesi ile ni moja: mbele ya sheria ya moshi, mshitakiwa wa kwanza alikuwa halmashauri yenyewe. Basi pale wafagiaji wa njia wanapoambiwa wachome mafungu yao kando ya barabara, na jaa la wazi linapofuka usiku na mchana, kwa uso gani tutamwandikia faini mkazi aliyechoma ndoo moja?

Neno lisemwalo mwisho siku zote ni kwamba fedha hazitoshi kununua magari. Nalo tulipime. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu mijini ni maganda, mabaki ya chakula na majani, yaani vitu ambavyo havihitaji moto wala safari ndefu ya lori. Tabaka la majani makavu na tabaka la maganda mabichi, vikiwekwa pamoja katika shimo au sanduku la mbao, vikapata unyevu kidogo na kugeuzwa mara kwa mara ili hewa iingie, baada ya miezi michache huwa mboji nyeusi ifaayo bustani ya mchicha. Asiye na uwanja aweza kupeleka maganda yake penye shamba la shule au kiwanja cha mtaa. Chupa za plastiki na vyuma chakavu vina wanunuzi wake, na vijana wanaoviokota twawaona kila siku. Kwa hiyo mtaa utakaotenga taka katika ndoo mbili utalipunguzia gari nusu ya mzigo wake. Haja ya kwanza ni mpango, na mpango huanzia katika karatasi, nayo karatasi ni kazi yetu.

Wala hatungekuwa wa kwanza. Mji wa Los Angeles huko Marekani, ambamo watu walikuwa na vitanuri vya kuchomea taka nyuma ya nyumba zao, ulivipiga marufuku mwaka 1957 kwa sababu ya moshi uliofunika mji. Lakini marufuku yale yalikwenda pamoja na magari ya kuzichukua zile taka ambazo zamani zilichomwa. Walielewa kwamba ukimnyang'anya mtu kiberiti huna budi kuupokea na mzigo wake.

Kwa hayo yote, naleta mbele ya chama maneno manne, nami naomba yajadiliwe katika mkutano mkuu wala yasiishie katika gazeti.

Kwanza, mtaa wowote usitozwe faini ya kuchoma mpaka ratiba ya gari au guta imebandikwa hadharani na kufuatwa. Mwenye stakabadhi ya ada, ambaye taka zake hazikuchukuliwa siku iliyopangwa, asiitwe mkosaji.

Pili, marufuku ianze na halmashauri yenyewe: wafagiaji wake, masoko yake, majaa yake na ofisi zake.

Tatu, plastiki, raba, betri na waya visichomwe kabisa tangu leo, gari lije lisije. Hili halingojei mtu. Viwekwe kando vikiwa vikavu. Havinuki wala havioze, vyaweza kungoja. Wanachama wenye bustani nao wachimbe shimo la mboji kabla hawajamnyoshea jirani kidole.

Nne, halmashauri itungapo sheria ndogo hupaswa kuwatangazia wakazi kabla ya kuipeleka kwa Waziri ikubaliwe. Tangazo hilo hubandikwa ubaoni nasi twalipita kama tupitavyo kalenda ya mwaka jana. Tulisome. Tuwaeleze majirani kwa Kiswahili chepesi, kisha tuandike maoni yetu kwa wakati wake.

Simwambii karani yeyote agome, wala asiandike stakabadhi aliyoamriwa. Namwambia aandike zaidi. Karibu na daftari ya faini aweke daftari ya gari: tarehe lililopaswa kuja, tarehe lililokuja, na mitaa ambayo halikufika. Mwisho wa mwezi aziweke daftari hizo mbili pamoja mezani pa mkubwa wake. Mkubwa aweza kumpuuza mlalamikaji mmoja, bali hesabu iliyoandikwa kwa wino haipuuziki kwa urahisi, maana siku moja yaweza kuitwa mahakamani kama ilivyokuwa habari ya Tabata.

Moshi lazima ukome, kwa maana watoto wetu wanauvuta. Lakini tukitaka ukome kweli kweli, na faini iandikwe baada ya gari kupita.

Wasalaam,
Karani wa Daftari