Aguaviva: Kijiji cha Hispania kilichoalika wakazi kutoka ng'ambo

MWAKA 2000, wakati nchi nyingi za Ulaya zikijadili namna ya kuwazuia wahamiaji, meya wa Aguaviva, kijiji cha mkoa wa Teruel, mashariki mwa Hispania, alikuwa akiwaalika. Luis Bricio aliziahidi familia kutoka Argentina, na baadaye Romania, kazi na makazi. Sharti lilikuwa wazazi wawe vijana, wawe na watoto wa umri wa kwenda shule, na waahidi kukaa miaka mitano.

Watoto hao ndio waliokuwa kiini cha mpango. Kijiji kilikuwa na wakazi wapatao 600, wengi wao wazee. Shule isiyo na wanafunzi hufungwa, na ikishafungwa hakuna mzazi kijana anayehamia.

Kwa muda idadi ilipanda. Kisha familia nyingi zikafunga mizigo. Waliozoea miji mikubwa ya Argentina walikuta baridi kali, ujira mdogo na nyumba chache za kupanga, ingawa zilizofungwa kufuli zilikuwapo (wenyewe huzirudia wakati wa likizo ya Agosti). Ni rahisi kuwaita watu wasio na shukrani. Hata hivyo, sababu zilizowaondoa ndizo zilezile zilizowapeleka wazaliwa wa Aguaviva Zaragoza na Barcelona miaka mingi kabla yao.

Wala tatizo si la kijiji kimoja. Mas de las Matas, La Ginebrosa na Castellote, majirani wa Aguaviva, vinahitaji wakazi wa aina hiyohiyo. Familia ikitoka kijiji kimoja kwenda cha jirani, hesabu ya eneo zima haibadiliki. Ajira nazo zimepungua: mtambo wa umeme wa makaa ya mawe katika mji wa Andorra, mkoani humo, ulifungwa Juni 2020.

Kilio hicho kilikuwa kimekwishafika bungeni. Teruel Existe, vuguvugu la wananchi lililoanzishwa mwaka 1999, liliongoza kwa kura mkoani humo katika uchaguzi wa Novemba 2019 na kupata kiti kimoja. Januari 7, 2020, mbunge wake, Tomás Guitarte, alimuunga mkono Pedro Sánchez, aliyeidhinishwa kuwa waziri mkuu kwa kura 167 dhidi ya 165. Kwa mkoa wenye wabunge watatu tu kati ya 350, hiyo ilikuwa nguvu isiyo ya kawaida. Haikudumu. Katika uchaguzi wa Julai 2023, kiti hicho kilipotea.