Laini mbili, betri moja

MKULIMA wa kabichi wa Lushoto anapoamka alfajiri, kitu cha kwanza kuangalia ni simu. Dalali wa soko la Ilala jijini Dar es Salaam hupiga mapema kutaja bei, na lori halimsubiri mtu. Jana usiku simu ilikuwa na vijiti vitatu vya chaji. Leo kimebaki kimoja, wakati hakupiga wala kupigiwa usiku kucha. Lawama zote zinaangukia betri, eti ni feki.

Mara nyingi betri imeonewa bure. Kinachomaliza chaji ni laini ya pili, ile ambayo haina hata salio.

Simu inapolala mezani haijapumzika. Laini iliyo hewani husikiliza mnara wake muda wote, na katika mtandao wa 2G hufanya hivyo kila sekunde mbili au chini ya hapo, ili ijue kama kuna anayeipigia. Aidha, kila baada ya muda uliopangwa na kampuni, hujitambulisha upya kwa mnara kwamba bado ipo. Zikiwa laini mbili za kampuni mbili, kazi hiyo hufanywa mara mbili kwa betri ileile.

Penye mtandao mzuri gharama yake ni ndogo. Balaa liko mabondeni. Simu ya 2G iliyo karibu na mnara huambiwa na mnara ipunguze nguvu, lakini iliyo mbali hulazimika kupaza sauti, hadi kufikia wati 2 inapotuma. Mtandao ukipotea kabisa, huanza kupekua masafa yote, kisha hurudia tena na tena. Katika milima kama ya Usambara, mnara wa kampuni moja unaweza kuwa juu ya kijiji na wa kampuni nyingine nyuma ya mlima. Hapo laini moja inakuwa imejaa mtandao, na ya pili inashinda na kukesha ikigonga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Mwenye simu ndiye anayelipa. Chukua mfano wa anayetozwa shilingi 300 kwa kuchaji kibandani: akichaji mara nne kwa wiki badala ya mbili, shilingi 600 zimekwenda kila wiki. Kijiji kinaweza kuwa na umeme, lakini shamba liko mbali, na simu ikizimika saa tatu asubuhi dalali anampigia mkulima mwingine.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja tu ya kuhudumia laini zote. Mfanyabiashara anapozungumza kwa laini ya kwanza, anayempigia kwa laini ya pili huambiwa namba haipatikani. Mteja anadhani duka limefungwa.

Ni kweli kwamba watu hawakuanza kubeba laini mbili kwa kupenda. Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, na kila kampuni ilikuwa na pesa zake za simu zisizokwenda kwingine. Hata hivyo, mambo yamebadilika. Kutuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulianza nchini Tanzania mwaka 2014. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama kampuni bila kubadili namba. Gharama ambayo kampuni hulipana kwa kila dakika ya simu ilishuka kutoka shilingi 15.60 mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Wapo ambao bado laini ya pili inawafaa, mathalani wakala wa pesa, au dereva anayepita maeneo yenye minara tofauti. Wengine wengi wanaibeba kwa mazoea.

Dawa ya kwanza haihitaji fundi. Simu janja ina sehemu ya kuzima laini moja kwenye mipangilio, na simu nyingi za kitochi za laini mbili zina chaguo la kutumia laini moja tu. Laini ya pili iwashwe siku ya gulio au jioni ya kupokea malipo, kisha izimwe. Isisahaulike kabisa, maana kampuni huifunga laini isiyotumika kwa muda mrefu, na namba wanayoijua wateja inapotea. Anayeogopa kukosa simu anaweza kuomba zipelekwe kwenye laini ya kwanza, ila aulize kwanza makato yake. Na anayeteremka shambani pasipo na mtandao wowote azime simu yote. Hakuna atakayempata huko hata akiiacha ikiwaka.

Lakini si haki kumbebesha mkulima mzigo wote. Shirika la 3GPP, linaloandaa viwango vya simu duniani, liliingiza katika toleo lake la 17, lililokamilishwa mwaka 2022, taratibu za simu za laini zaidi ya moja. Kwa taratibu hizo simu inaweza kuuarifu mtandao kwamba inahamia laini nyingine kwa muda, na miito ya laini mbili ikapangwa isigongane. Tatizo ni kwamba zimewekwa kwa ajili ya 4G na 5G, tena hadi simu na mtandao vyote viwe vimewezeshwa. Kitochi cha mkulima hakimo.

Waagizaji wa simu wangeweza kuanza na jambo dogo zaidi. Kwenye boksi huandikwa saa ambazo simu inakaa na chaji bila kutumika. Waandike pia saa hizo zimepimwa na laini ngapi zikiwa hewani, na mnunuzi aulize hivyo dukani kabla hajatoa pesa.